Kabla ya Kununua Pikapu Mpya, Nimewasikiliza Waliokwisha Kuzitumia

Kijitabu cha kutangaza pikapu mpya hueleza nguvu ya injini, ukubwa wa kioo cha dashibodi na uzito wa tela linaloweza kuvutwa, na kwa kawaida kila kilichoandikwa humo ni kweli. Kisichoandikwa ni hali ya gari hilo litakapokuwa limetembea kilomita 150,000, limekwisha kubeba mchanga na mbao kwa miaka, limeoshwa mara chache kuliko ilivyostahili, na kufanyiwa sevisi na fundi ambaye siku hiyo alikuwa na magari mengine matano ya kumaliza. Hayo anayajua mwenye gari. Ndiyo sababu, sasa ninapotafuta pikapu mpya ya kabini mbili itakayofanya kazi siku za juma na kubeba familia siku za mapumziko, nimeweka vijitabu kando na kuwasikiliza watu waliokwisha kuzitumia, nikiwauliza ana kwa ana, nikisoma habari zao, na mara nyingine nikiomba ruhusa ya kulala chini ya magari yao ili nijionee.

Jambo la kwanza nililobaini ni kwamba kumuuliza mtu kama gari lake ni zuri hakuna faida. Aliyetoa fedha nyingi kulinunua atalisifu, kwa sababu kulisema vibaya ni kujisema mwenyewe, na aliyeharibikiwa usiku porini atalilaani yeye na kizazi chake, hata kama kilichomharibikia ni mpira wa maji ambao ungebadilishwa kwa dakika 20. Katikati yao wako wengi ambao gari linawaka kila asubuhi na hawana sababu ya kulizungumzia popote. Zaidi ya hapo, pikapu inayouzwa sana hulalamikiwa sana kwa kuwa imejaa barabarani, na ile adimu huonekana haina kasoro kwa kuwa wenye nayo ni wachache na hawajakutana.

Kwa hiyo nilibadilisha maswali. Siku hizi ninauliza injini ni ipi na gari ni la mwaka gani, limekuwa likibeba nini, linapita barabara za namna gani, na kitu gani kimebadilishwa likiwa na kilomita ngapi. Mtu akiniambia kwamba klachi ilikwisha kwenye kilomita 90,000 na kwamba kila wiki huvuta tela la boti hadi ufukweni na kuliondoa majini kwa kurudi mlimani, amenipa habari kamili, na kwa hesabu hiyo klachi yake imejitahidi sana. Akiniambia tu kwamba klachi za gari hilo ni mbovu, hajaniambia kitu.

Swali la injini na mwaka ndilo watu wengi hulipuuza, na ndilo linaloharibu mazungumzo mengi kuhusu pikapu. Jina Hilux la Toyota lilianza kutumika mwaka 1968, na sifa zake zimejengwa na vizazi kadhaa vya magari ambavyo havina hata boliti moja ya kuazimana. Kizazi kilichotoka mwaka 2015 kilikuja na injini za dizeli za lita 2.4 na 2.8, zikichukua nafasi ya zile za lita 2.5 na 3.0 za kabla yake, kwa hiyo mzee anayeniapia kwamba Hilux yake ya lita 3.0 haijawahi kufunguliwa injini anasema kweli, lakini hasemi habari za ile inayouzwa leo ikiwa mpya. Kwa Mazda BT-50 mkanganyiko ni mkubwa zaidi, kwa sababu ile iliyotoka mwaka 2011 ilikuwa ndugu ya Ford Ranger, na iliyotoka mwaka 2020 ni ndugu ya Isuzu D-Max. Wamiliki wawili wa BT-50 wanaweza kubishana kuhusu injini hadi jioni bila kutambua kwamba mmoja anazungumzia kazi ya Ford na mwingine kazi ya Isuzu.

Undugu huo una faida yake pia. Volkswagen Amarok ya kizazi cha pili imejengwa juu ya msingi mmoja na Ranger ya sasa, Fiat Fullback ilikuwa Mitsubishi L200 yenye nembo nyingine, na Mercedes-Benz X-Class, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2017 na kusimamishwa mwaka 2020, ilisimama juu ya Nissan Navara. Ukikosa wenye gari unalolitaka, watafute wenye ndugu yake, kwa sababu kasoro za chesisi na mara nyingi za injini huvuka kutoka nembo moja kwenda nyingine bila kuomba ruhusa.

Suala la uzito ndilo lililonifunza zaidi, na hapa wenye magari wamenisaidia kuliko muuzaji yeyote. Pikapu nyingi za ukubwa huu hutangazwa kwamba zinavuta tela la kilo 3,500 lenye breki zake na kubeba takriban tani moja, na mnunuzi husoma namba hizo mbili kana kwamba anaweza kuzitumia pamoja. Hebu tuchukue gari la mfano ambalo uzito wa juu unaoruhusiwa, lenyewe pamoja na kila kilichomo, ni kilo 3,100, na likiwa tupu lina kilo 2,150. Zinabaki kilo 950. Tela la kilo 3,500 lililopakiwa vizuri hukandamiza hooku kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 350, na uzito huo huhesabiwa kuwa umebebwa na gari. Zinabaki 600. Watu wazima wanne wa kilo 80 kila mmoja wanachukua 320, zinabaki 280. Bampa la chuma la mbele, hooku yenyewe na kava gumu la bodi, vyote vikiwa vimefungwa baada ya gari kununuliwa, vinaweza kufika kilo 165 bila shida. Gari ambalo lilitangazwa kuwa la tani moja sasa limebakiwa na kilo 115, na hata mifuko mitatu ya saruji haiingii. Bado hatujaangalia kikomo kingine, cha uzito wa gari na tela kwa pamoja, ambacho kwa baadhi ya pikapu hufikiwa kabla ya hivyo vingine.

Hesabu hiyo si ya kwenye karatasi tu. Mmiliki mmoja, fundi wa kuchimba visima ambaye bodi ya gari lake imefungwa makabati ya zana hadi nyuma kabisa, alinionyesha mwanya uliopo kati ya kabini na bodi. Chini, vidole vyangu viwili viliingia kwa shida. Juu, kiganja kizima kiliingia kikiwa kimesimama. Chesisi ilikuwa imepinda kidogo nyuma ya kabini, na bodi imeinamia nyuma nayo. Hakuwahi kupata ajali. Mzigo wake mwingi ulikuwa umekaa nyuma ya ekseli, na ili gari lisiiname alikuwa ameongeza mifuko ya hewa kwenye springi, ambayo iliinua mkia vizuri lakini ikahamishia nguvu yote kwenye sehemu moja ya chesisi badala ya ncha mbili za springi kama ilivyokusudiwa. Kila shimo la barabarani lilifanya kazi kama nyundo. Tangu siku hiyo, kila pikapu iliyotumika ninayokutana nayo ninaitazama mwanya ule kwanza, na ninashangaa ni mara ngapi nauona umepanuka kwa juu.

Kinachofuatana na uzito ni springi za nyuma. Pikapu nyingi bado zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambazo zikiwa tupu hurusharusha nyuma kila zinapopita kwenye matuta na zikipata mzigo hutulia. Nissan waliamua vingine kwa Navara iliyoanza kuonekana mwaka 2014, wakaifunga koili, yaani springi za chuma kilichozungushwa, kwa nyuma katika magari mengi ya kabini mbili. Wamiliki wanaobeba watu na mizigo myepesi husema gari hilo linakwenda kama gari dogo, nami nilipokaa kiti cha nyuma sikuwa na ubishi nao. Wanaobeba mizigo mizito na kuvuta matela husema mkia unalala mapema, na wengi wao wamebadilisha koili na kuweka ngumu zaidi. Makundi yote mawili yanasema kweli. Mimi, kwa kuwa siku tano kati ya saba gari langu litakuwa na mzigo, nimesimama na waliochagua vyuma bapa, na abiria wa kiti cha nyuma watanisamehe.

Sasa niseme habari za dizeli za kisasa na moshi wake, kwa sababu hapo ndipo wenye magari walipowahi kuwa sahihi mbele ya wataalamu. Injini nyingi za sasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hukusanya masizi, na kila baada ya muda kompyuta ya gari hupandisha joto la ekzosi hadi kufikia nyuzi 600 hivi ili masizi yaungue. Maelezo ya kawaida ni kwamba anayeendesha safari fupi fupi za mjini hulipa gari nafasi ndogo ya kumaliza kazi hiyo, chujio huziba, na lawama ni ya dereva. Maelezo hayo ni ya kweli kwa magari mengi. Lakini nchini Australia wenye Toyota Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kuanzia Oktoba 2015 hadi Aprili 2020 walilalamika kwa miaka juu ya moshi mweupe, harufu mbaya na chujio linaloziba, na wengi wao walikuwa wa barabara kuu, si wa foleni za mjini. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro ya usanifu, na kwamba tatizo lilijitokeza hasa gari lilipoendeshwa mfululizo kwa mwendo wa takriban kilomita 100 kwa saa. Magari yaliyohusika yalikuwa zaidi ya 260,000. Toyota walikuwa wamefanya marekebisho ya mfumo huo kwa magari yaliyofuata.

Ninaitaja kesi hiyo kwa sababu inaonyesha ni wakati gani lalamiko linapaswa kuaminiwa. Mtu mmoja anayeona moshi ni mtu mmoja. Watu wengi wasiojuana, wenye injini ileile ya miaka ileile, wanaoeleza dalili ileile kwa maneno yao wenyewe, ni ushahidi, hata kama mhudumu wa gereji amewaambia wote kwamba hawajui kuendesha. Ninaposoma malalamiko, basi, ninatafuta mfanano wa dalili na wa mwaka, na hasira za anayelalamika haziniongezei wala kunipunguzia kitu.

Kuna dalili nyingine ya chujio hilo ambayo nilionyeshwa na mmiliki mwingine. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha na kukichomoa tena, na oili ilikuwa imepita alama ya juu ilhali hakuwa ameongeza hata tone tangu sevisi. Nilinusa, ilikuwa na harufu ya dizeli. Katika injini za namna hiyo dizeli ya ziada hunyunyizwa ili kupandisha joto la ekzosi, na kazi hiyo ikikatizwa kila mara kwa kuzimwa gari, sehemu ya dizeli hiyo huteremka pembezoni mwa pistoni na kuchanganyika na oili. Oili nyepesi hailindi beringi. Baadhi ya pikapu hutumia nozeli ya ziada iliyofungwa kwenye ekzosi yenyewe ili kukwepa jambo hilo, na huo ni utofauti ambao hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia bila kuulizwa.

Wenye Ranger nao wana yao, na nimeyapenda kwa kuwa ni ya kifundi hasa. Katika injini za lita 2.2 na 3.2 zilizokuwa kwenye Ranger tangu mwaka 2011, oili ikimwagwa haitakiwi kukaa nje zaidi ya dakika 10 hivi kabla ya kujazwa mpya, kwa sababu pampu ya oili inaweza kupoteza oili yote iliyomo na kushindwa kuivuta tena injini inapowashwa. Fundi anayefungua boliti ya chini, akaenda kula, akarudi kufunga, anaweza kuua injini iliyokuwa nzima. Katika ile ya lita 2.0 iliyofuata, taimingi, yaani mpangilio wa kufungua na kufunga valvu za injini kwa wakati wake, iliendeshwa kwa mkanda unaozunguka ndani ya oili badala ya cheni, na hapo aina ya oili na muda wa kuibadilisha si mambo ya kubahatisha. Sisemi kwamba injini hizo ni mbaya. Ranger ya lita 3.2 imetembea kilomita nyingi mno mikononi mwa watu makini, na wale wanaovuta matela mazito kila siku huniambia kwamba ile ya silinda sita ya lita 3.0, iliyokuja na kizazi cha mwaka 2022, haina mpinzani wa karibu. Ninachosema ni kwamba gari linalohitaji fundi anayelijua si sawa na gari linalomvumilia fundi yeyote, na mnunuzi lazima ajue gari lake litapelekwa kwa fundi yupi.

Mafuta nayo huhesabika. Mifumo ya dizeli ya sasa husukuma mafuta kwa shinikizo linaloweza kupita bar 2,000, kupitia matundu madogo ambayo jicho halioni vizuri, na maji kidogo ndani ya tangi yanatosha kuharibu nozeli zote. Wamiliki waliodumu na magari yao wana tabia moja: hufungua mara kwa mara bomba dogo lililo chini ya chujio la dizeli na kutoa maji hata kama taa haijawaka. Nilipokuwa nikiangalia magari, niliuliza bomba hilo liko wapi na kama mkono unafika. Kwenye baadhi ya pikapu mkono unafika kwa raha, kwenye nyingine lazima uwe na mkono wa mtoto.

Kuhusu magurudumu manne, nitasema kwa ufupi. Katika pikapu nyingi uendeshaji wa magurudumu manne hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo mmoja, na kwa hiyo haufai kwenye lami kavu, ambako gari likikata kona kali tairi hurukaruka na gia hukakamaa. Mfumo wa Mitsubishi uitwao Super Select una difu ya katikati, inayoruhusu ekseli hizo mbili zizunguke kwa mwendo tofauti, kwa hiyo unaweza kutumika hata kwenye lami, iwe imelowa au kavu. Wamiliki wa L200, au Triton kama inavyoitwa kwingine, zenye mfumo huo huusifu kuliko kitu kingine chochote garini, nami ninadhani ndiyo sababu bora ya kuchagua gari hilo kwa anayekaa sehemu yenye mvua nyingi na barabara nusu lami, nusu udongo.

Skrini, spika na rangi ya taa za ndani sikuviuliza. Viti nimeviuliza, kwa kuwa mgongo ni wangu, na majibu yalitofautiana kiasi kwamba nimeamua kila mtu akakae mwenyewe, na si kwa dakika mbili za kupigia picha.

Baada ya hayo yote, chaguo langu ni Isuzu D-Max ya kizazi kilichotoka mwaka 2019, injini ya lita 3.0, gia za mkono. Kilichonivuta ni aina ya malalamiko ya wamiliki wake. Wanalalamika kwamba nyuma ni ngumu gari likiwa tupu, kwamba breki za nyuma bado ni za ngoma, na kwamba magari ya mwanzo yalikuwa na kengele za usalama zilizopiga kelele kila dereva alipogusa mstari wa barabara, na kuzizima kulihitaji kuzama kwenye menyu. Hayo ninaweza kuishi nayo. Malalamiko yanayonitisha, ya chesisi, ya kichwa cha injini na ya gia boksi, sikuyakuta yakijirudia kwa watu wasiojuana. Taimingi yake ni ya cheni na gia za chuma, springi za nyuma ni za vyuma bapa, na fundi ninayemtegemea ameshafungua injini za ukoo huo mara nyingi kiasi kwamba hahitaji kuuliza mtu.

Kilichobaki ni kulijaribu likiwa na mzigo. Wauzaji hupenda kukupa gari tupu, tangi likiwa robo, kwenye barabara laini, na gari la aina hiyo likiwa hivyo halikuonyeshi chochote. Nimeomba nipewe la majaribio, niweke bodini kilo 500 za mchanga uliofungwa kwenye mifuko, niusogeze wote mbele ya ekseli, kisha nipande nalo mlima kwa gia ya pili na kuteremka bila kukanyaga breki muda wote. Muuzaji wa kwanza alikataa, wa pili amesema atamuuliza mkubwa wake, na wa tatu, ambaye mwenyewe anaendesha pikapu ya kazi, ameniuliza tu kama mifuko nitakuja nayo mimi au aitafute yeye.